Namna ya Kupiga Filamu ya Mabilioni kwa Nauli ya Korogwe hadi Handeni

Kwanza, acha kuomba dola milioni 200. Hazitakuja, na zikija zitakuchelewesha: utakaa Dar es Salaam mwaka mzima ukisaini makaratasi, huku jua linachomoza bure Korogwe kila siku bila kukungoja. Mwongozo huu unataka simu yenye kamera ya kuridhisha, pawabenki iliyojaa, shuka jeupe, kichupa cha mafuta ya nazi, maji ya kunywa, na nauli ya kwenda Handeni na kurudi. Nimepiga video za harusi na vipaimara pale Manundu, Korogwe, kwa miaka 11, na hakuna ninalolisema hapa ambalo sijalifanya kwa mikono yangu. Ufuate mwongozo hadi mwisho utoke na dakika tatu ambazo mtu wa sinema kubwa akiziona atataka kujua nani alishika kamera.

Ujue kwanza pesa zile zinanunua nini. Tukiona kreni, magari ya taa na kamera inayoelea hewani, tunadhani uzuri umekaa humo. Lakini sehemu kubwa ya fedha inanunua vitu viwili: uwezo wa kusubiri na uwezo wa kukataa. Mwongozaji anajua hadithi inauma wapi. Mpiga picha mkuu anajua mwanga utoke upande gani ili maumivu hayo yaonekane. Wanakaa wawili hao miezi kabla kamera haijatolewa kwenye sanduku, wanachagua saa, rangi na lenzi, kisha kila kisichofanana na uchaguzi wao wanakikataa. Katika filamu ya 1917, iliyotoka mwaka 2019, Sam Mendes na mpiga picha wake Roger Deakins walitaka hadithi nzima ionekane kama imepigwa mfululizo bila kukatwa. Kwa hiyo mwanga haukutakiwa kubadilika. Walitaka mawingu. Jua likitoka, wanafanya mazoezi tu; wingu likifunika, wanapiga. Watu kwa mamia wamevaa sare za vita, wanalipwa, na kazi yao kwa saa hiyo ni kutazama angani.

Wewe una uwezo huo huo wa kusubiri, na hulipi mtu.

Kwa hiyo siku ya kwanza usipige kitu. Chukua daftari, kaa mahali pamoja Korogwe tangu alfajiri, uandike. Saa 12 na nusu asubuhi ukuta wa duka una rangi gani? Kivuli cha mwembe kinafika wapi saa 2? Mwezi Juni jua linachomoza kuelekea Usambara ya Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, na asubuhi nyingi za kipupwe wingu linakaa juu ya milima mpaka saa 3 au 4. Hilo wingu ndilo walilokuwa wakilitafuta akina Deakins kwa gharama yote ile. Sura ya mtu chini yake inakuwa laini, haina kivuli kikali puani wala chini ya kidevu. Ukilikuta, piga hapo mazungumzo yote marefu ya filamu yako, kwa sababu unaweza kurudia mara nane na mwanga ukabaki vilevile.

Siku ya pili nenda kwenye mkonge. Omba ruhusa kwa msimamizi wa shamba kwanza, na kama kazi yako itaonyeshwa hadharani pitia Bodi ya Filamu uchukue kibali; ni bora kulipa kibali kuliko kukimbia na simu. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida na ikasalia hai 62 tu. Sasa simama kati ya mistari yake. Mimea imepandwa kwa kamba, imenyooka, inakwenda mpaka inakutana mbali kama reli. Stanley Kubrick alijenga korido nzima studioni ili apate mistari inayokimbilia nukta moja katikati ya picha, jicho la mtazamaji likose pa kwenda isipokuwa pale anapotaka yeye. Korogwe korido hizo ni za majani, na zina urefu ambao studio haina. Mweke mhusika wako mwisho wa mstari, kamera uiweke chini usawa wa goti, katikati kabisa, umwache atembee kuja. Usiisogeze kamera. Mkonge utafanya kazi yote.

Lakini hazina yenyewe iko kiwandani, pembeni ya korona, ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge, mahali singa, yaani nyuzi zake, zinapoanikwa. Nilifika pale mara ya kwanza nikiwa nimebeba rifleta ya kukunja, ile ya rangi ya fedha tunayotumia kwa maharusi. Akina mama walikuwa wanatandaza singa mbichi kwenye waya, zikiwa bado na ukijani na maji yanadondoka. Nikasimama upande wa jua nikaanza kufungua mfuko wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini huko?"

"Natafuta mwanga mzuri wa usoni, mama."

"Basi njoo upande huu. Huko hata sisi hatukai, singa zikikauka zinarudisha jua machoni."

Nikaenda aliponionyesha, nikageuka kumtazama, na sijafungua rifleta ile tena shambani mpaka leo. Waya zile zina urefu wa mita nyingi, singa zilizokauka ni nyeupe yenye umanjano kidogo kama maziwa mabichi, na jua la saa 3 likizipiga linarudi usoni mwa mtu likiwa limepoa, limetawanyika, limeingia mpaka chini ya ukingo wa kilemba. Shavu la upande wa singa liling'aa. Shavu la pili likabaki na kivuli chake. Machoni mwake kulikuwa na mstari mweupe mwembamba, taswira ya waya nzima ya singa, na ndiyo hiyo inayofanya jicho lionekane hai kwenye sinema. Wapiga picha wa filamu kubwa hutundika vitambaa vyeupe vya ukubwa wa nyumba ili wapate jicho la namna hiyo. Mama yule alikuwa anafanya kazi ndani yake tangu ujana.

Ukimpata mhusika wako hapo, mguse usoni kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka simu ifunge mwanga na fokasi, kisha shusha mwanga taratibu kwa kidole. Hapa naomba unisikilize vizuri. Simu ikiachwa ijiamulie, inamwona mtu mweusi amesimama mbele ya kitu cheupe, inapata mchecheto: ama inamfanya awe kivuli, ama inamwangaza mpaka ngozi inapauka kama majivu na nyuma yote inaungua. Tabia hii ina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za majaribio zenye sura ya mwanamke mzungu. Filamu za Kodak zilipimwa kwa ngozi ile, na sisi tukatoka kwenye albamu za harusi tukiwa meno na macho tu. Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alizikataa filamu za Kodak akisema zina ubaguzi wa rangi. Nina picha ya harusi ya wazazi wangu ambayo sura ya baba haionekani, na kwa miaka mingi niliamini baba alikuwa mweusi kupita kiasi. Hakuwa. Aliyepiga picha alikuwa na filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine.

Kwa hiyo poda uiache nyumbani. Kila harusi nakuta bibi harusi amepakwa poda hadi amefanana na ukuta, na mwanga ukimfika hauna pa kuteleza. Barry Jenkins na mpiga picha wake James Laxton walipotengeneza Moonlight, mwaka 2016, walitaka ngozi ing'ae kwa mafuta badala ya kufutwa kwa poda, na ndiyo maana nyuso za filamu ile zina bluu, zambarau na dhahabu ndani yake. Mafuta ya nazi, matone mawili, mgongo wa pua na mfupa wa shavu. Halafu ugeuze mtu pembeni kidogo ya mwanga, usimwangaze usoni moja kwa moja. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao wa kitu kinachoakisiwa juu yake: dirisha, ukuta wa chokaa, singa. Mpe kitu cha kuakisi, utaona sura yake imejichora yenyewe.

Ikifika saa 5 funga kamera. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linasimama utosini kweli kweli, kivuli cha mtu kinaingia chini ya viatu vyake. Macho yanakuwa mashimo mawili, pua inamwaga kivuli mdomoni, hata msichana mzuri kuliko wote Korogwe nzima anaonekana ana deni. Kama lazima upige, watu wawili washike shuka jeupe juu ya kichwa chake, nje ya fremu, na mwanga utalainika mara moja. Vinginevyo kale wali na maharage.

Kuna picha moja tu nzuri ya mchana wa jua kali, nayo ni ya barabarani. Kwenye lami inayokwenda Mombo, joto likishika, unaona mazigazi: maji ya uongo yanachezacheza juu ya barabara. Mwaka 1962 David Lean na mpiga picha Freddie Young walitoa Lawrence of Arabia, na ndani yake mtu anatokea jangwani akiwa nukta inayotetemeka, anakuwa mkubwa polepole mpaka ni mpanda ngamia. Young alitafuta lenzi ya milimita 482 kwa ajili ya picha hiyo peke yake, kwa sababu lenzi ndefu inavuta mazigazi ikayaleta karibu. Simu yako ikiwa na lenzi ya kuvuta, weka juu ya jiwe, pembeni ya lami na mbali na magari, uelekeze chini kabisa usawa wa barabara, kisha mwambie bodaboda aende kilomita moja ageuze. Mwache aje bila haraka. Dakika nzima. Ukikata kabla hajafika umeharibu.

Sasa panda gari uende Handeni. Ukipitia njia ya Segera, pale njia panda ya Tanga na Moshi, usishuke na mhusika kwa lengo la kupiga "vurugu za stendi" halafu ukatikisa simu kama umepigwa na baridi. Mad Max: Fury Road, iliyotoka mwaka 2015, ina magari yanayogongana karibu saa mbili, na mtazamaji hapotei hata sekunde, kwa kuwa George Miller na mpiga picha John Seale waliweka kitu muhimu katikati ya fremu kila mara. Jicho halitafuti. Mwuza machungwa anayekimbilia dirisha la basi mweke katikati, mkono unaotoka dirishani katikati, chenji katikati. Hayo tu.

Handeni ina shida moja na baraka moja, na zote mbili ni vumbi. Baada ya msimu wa mvua kwisha, majani yanakauka, barabara za vijijini zinakuwa nyekundu, miti ya miombo inapukutisha, na kila lori likipita linaacha pazia ambalo jua la jioni linalichoma kwa nyuma. Watu wa Hollywood wanavyolipenda pazia hilo! Howard Hawks alikuja Tanganyika na John Wayne kupiga Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, na magari yake yakiwakimbiza vifaru kweli kweli upande wa Arusha. Mpiga picha wake, Russell Harlan, alifika mpaka kwenye orodha ya tuzo ya Oscar kwa kazi ile. Harlan naheshimu kazi yake. Alifika, akakaa, akala vumbi.

Ninachokuomba usikubali ni rangi ya njano inayopakwa juu ya Afrika nzima baada ya picha kupigwa. Mwaka 2000 ndugu wawili Coen pamoja na Roger Deakins walitengeneza O Brother, Where Art Thou?, wakaibadilisha filamu nzima kwa kompyuta: majani ya kijani ya Mississippi wakayageuza makavu ya dhahabu, kwa sababu hadithi yao ilihitaji ukame. Walijua wanafanya nini na kwa nini. Waliofuata wakaichukua njano ile wakaifanya kuwa rangi ya nchi maskini. Mhusika akishuka kwenye ndege Afrika, skrini inageuka kama chai ya maziwa. Vijana wetu wanaona, na sasa programu za simu zina kitufe kimoja cha kufanya hivyo, nao wanakibonyeza juu ya Korogwe iliyotoka kunyeshewa! Nimeona video ya mtu wa hapa hapa, milima ya Usambara nyuma yake imegeuzwa kuwa rangi ya ndizi. Milima ile baada ya masika ni ya kijani kinachokaribia bluu, na ukungu unaoteremka kutoka Vugiri una weupe ambao hauhitaji msaada wa mtu. Amil Shivji alipotengeneza Vuta N'kuvute, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, aliirudisha Zanzibar ya miaka ya 1950 bila kuipaka chai, akauacha Mji Mkongwe uwe na vivuli vyake. Ndiyo njia. Handeni ikiwa nyekundu, iache nyekundu. Korogwe ikiwa mbichi, iache mbichi. Umbali kati ya miji hii miwili hauzidi kilomita 70, na ndani yake una misimu miwili ya filamu moja: mhusika akiwa na furaha mpige Korogwe, akiwa na kiu mpige Handeni, na hutahitaji kueleza lolote kwa maneno.

Na kama bado unadhani wenye fedha wana jua bora kuliko lako: The Lion King ya mwaka 2019, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200, ina picha 1,490 zilizotengenezwa na kompyuta. Mwongozaji Jon Favreau alichomeka humo picha moja tu iliyopigwa kwa kamera ya kweli, nayo ni ya mwanzo kabisa, jua likichomoza Afrika. Kompyuta zao zote ziliweza kutengeneza simba. Jua walikuja kulichukua huku.

Machweo ndiyo mtihani wa mwisho, na Handeni huwezi kuyafanyia mzaha. Néstor Almendros alipiga sehemu kubwa ya Days of Heaven, ya mwaka 1978, katika dakika ishirini na kitu baada ya jua kuzama, wakati anga lina mwanga na hakuna kivuli ardhini. Siku nzima wanafanya mazoezi, jioni wanakimbia. Walikuwa Kanada, mbali sana kaskazini, ambako jua linazama kwa mteremko. Letu linadondoka wima. Linazama kati ya saa 12:20 na saa 12:50 kutegemea mwezi, na dakika 20 baadaye umebaki na giza. Kwa hiyo mazoezi yaanze saa 9. Alama za miguu uchore kwa kijiti ardhini. Kila mtu ajue anatoka wapi, anasimama wapi, anageuka lini.

Mara ya mwisho nilikuwa kijijini kwa mama mkubwa, nje kidogo ya Chanika ya Handeni. Picha ilikuwa moja: binti anarudi na ndoo ya maji kichwani, anaitua mlangoni, anaingia ndani, taa inawashwa. Binti alikuwa mjukuu wake. Tulifanya mazoezi mara sita, ndoo ikiwa tupu, na mzee jirani akaja kuuliza mbona tangu mchana tunazunguka na ndoo hatupigi picha. Nikamwambia, "Bado, babu." Akaleta kigoda, akakaa kutazama.

Kuhusu taa ya ndani, kumbuka hesabu moja. Mwanga ukiuweka umbali mara mbili, unabaki robo. Kubrick na mpiga picha John Alcott walipotaka kupiga Barry Lyndon, ya mwaka 1975, kwa mishumaa, walitumia lenzi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, kwa kuwa mshumaa ukiwa mbali na uso hauna nguvu. Wewe usiitafute NASA. Sogeza chemli. Ikiwa nusu mita kutoka usoni ina nguvu mara nne kuliko ikiwa mita moja. Tuliitundika kwenye msumari wa dirisha, upande wa ndani, mahali atakaposimama.

Jua lilizama. Tulisubiri. Vumbi la lori la mwisho likatua, anga likawa la bluu juu na la kutu chini, na ukuta wa udongo ukapoteza kivuli chake chote. Ndoo safari hii ilikuwa imejaa, kwa sababu shingo ya mtu aliyebeba maji haidanganyi. Nikabonyeza. Binti akaja kutoka gizani polepole, sura yake haionekani, ni ndoo tu na ukingo wa maji uking'aa. Akatua. Maji yakamwagika kidogo kwenye kizingiti, jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi. Akaingia. Kwa sekunde nne hivi mlango ulikuwa mtupu, halafu kiberiti, halafu dirisha likawa la dhahabu na shavu lake likatokea humo lote, na matone ya maji kwenye nywele.

"Kumbe ndiyo mlikuwa mnaisubiri," babu akasema.

Sikurudia. Chaji ilikuwa asilimia 4, na mama mkubwa alishaanza kuuliza kama sasa anaruhusiwa kuitumia taa yake kupikia.